Tulihamishwa na Nani?

Shosho yangu akisimulia mwaka wa 1954, hakuna mtu anayefanya kitu. Mambo hufanyika tu. Tulihamishwa, anasema. Tuliambiwa tubomoe nyumba zetu. Tulichimbishwa mtaro. Jioni tulifungiwa, asubuhi tukafunguliwa. Alikuwa msichana wa miaka 12 hivi, na kile kijiji walichosongamanishwa, wazee wa huku Waithaka bado wanakiita gicagi, neno ambalo hawalitamki kwa furaha.

Siku moja nilimuuliza: shosho, mlihamishwa na nani? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa mvua inanyeshwa na nani.

"Si serikali," akasema. "Ilikuwa imeshaamuliwa."

Nililichukua jibu hilo kama la mtu mzee aliyechoka na maswali. Mpaka mwaka juzi, barua ilipofika nyumbani. Ilikuwa ya aya mbili. Ilisema kamati imeamua kwamba sehemu ya ploti yetu itatengwa kwa matumizi ya umma. Hakukuwa na jina la mjumbe hata mmoja wala tarehe ya kikao, sahihi tu iliyoandikwa kwa haraka juu ya maneno "kwa niaba ya". Nikapanda matatu, nikaenda kwenye ofisi yenyewe, ambayo sitaitaja. Nikauliza: hii kamati ni akina nani? Walikaa lini? Nani alisema ndiyo na nani alikataa? Karani alikuwa mama mpole, hakunifokea. Alishusha tu sauti.

"Kijana wangu, minits ni za ndani. Na hata hivyo, imeshaamuliwa."

Miaka 70 imepita na sentensi ni ile ile.

Makala haya ni ugomvi wangu na sentensi hiyo. Ni ugomvi pia na wasee wa rika langu wanaodhani dawa yake ni kumpata mtu wetu mmoja akaingia kule ndani. Sikieni: mtu wetu aliwahi kuingia kule ndani. Alikuwa jirani wa hapa hapa Dagoretti. Tuone ilimfaa nini, na ilitufaa nini sisi.

Lakini kwanza chumba chenyewe.

Mwaka wa 1906 amri kutoka London iliiwekea nchi hii mabaraza mawili. La kwanza lilikuwa la kutunga sheria, lililoanza vikao vyake 1907. Hilo tunalijua kwa sababu ndilo babu wa Bunge la leo. Tulisomeshwa shuleni, tukakariri mwaka Mwafrika wa kwanza alipoingia, tukapata alama. Maneno yaliyosemwa humo yaliandikwa kwenye Hansard na mpaka leo unaweza kuyasoma.

La pili lilikuwa Baraza la Utendaji. Hilo hatukukaririshwa. Gavana aliketi kama mwenyekiti, na wakubwa wake wakamzunguka: Katibu Mkuu aliyeendesha ofisi zote, Mwanasheria Mkuu, mkuu wa hazina, na Kamishna Mkuu wa Wenyeji, yaani Mzungu aliyelipwa mshahara ili amweleze Gavana sisi tunataka nini. Baadaye walowezi nao wakapewa viti. Lord Delamere, yule mwenye maelfu ya ekari, alikaa humo. Kwenye baraza la sheria watu walipiga kelele. Kwenye hili la pili ndipo mambo yalipoamuliwa, na mlango ulifungwa.

Angalia jinsi lilivyotengenezwa, kwa sababu ufundi wake ndio tulioachiwa. Kazi ya baraza ilikuwa kushauri tu. Gavana hakulazimika kufuata ushauri huo. Angeweza kuukataa, mradi awaandikie wakubwa wake London kueleza sababu. Kwa hiyo ukimuuliza Gavana, alikuwa ameshauriwa. Ukiwauliza washauri, mwamuzi ni Gavana. Ukiwabana wote wawili, kuna London. Ilikuwa ni mashine ya kutoa maamuzi yasiyo na mwenyewe. Na haikuwa mashine ya mambo madogo. Katika makoloni ya Waingereza, kabla mtu hajanyongwa faili lake lililetwa mbele ya Gavana na baraza lake, waamue kama atahurumiwa au la. Mwanahistoria David Anderson amehesabu watu 1,090 walionyongwa Kenya katika vita vya Mau Mau. Uliza familia zao nani aliamua. Utaambiwa: walinyongwa.

Sasa jirani yetu.

Eliud Mathu alizaliwa Riruta mwaka wa 1910. Kutoka Waithaka unaweza kwenda Riruta kwa miguu. Alisoma Alliance, akaenda Fort Hare kule Afrika Kusini, akafika Oxford. Akarudi kufundisha Alliance, halafu akaacha kazi hiyo akaja kuongoza shule huku Dagoretti. Oktoba 1944 akawa Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria, mmoja peke yake katikati ya walowezi na maofisa. Sitaki kumdharau. Alisimama humo akapinga kipande, kile cheti ambacho baba zetu walivishwa shingoni kama kengele ya mbuzi. Aliongea Kiingereza kuliko wengi waliomcheka. Chama cha KAU chenyewe kilianzishwa mwaka ule ule ili kumpa mgongo.

Mwaka wa 1952 akapanda ngazi ya mwisho: Mwafrika wa kwanza kwenye Baraza la Utendaji. Hebu fikiria furaha ya watu wa huku. Mtu wetu yuko ndani! Anakaa na Gavana! Sasa tutajua yanayopangwa, sasa mambo yetu yatasikika.

Oktoba 20 mwaka huo huo, Gavana Evelyn Baring aliweka sahihi Hali ya Hatari.

Sisemi Mathu aliisababisha. Nasema kuwepo kwake hakukuizuia, na kanuni za chumba kile hazikumruhusu kutoka nje akawaambia watu wa Riruta kilichosemwa ndani. Mtu wetu alikuwa ndani, lakini sisi tulibaki nje kama zamani, tena sasa tukiwa na jina la mtu wetu limepachikwa kwenye maamuzi ambayo hatukuyaona. Kiti kile kilimpa Mathu masikio bila kumpa mdomo.

Halafu likaja lile ambalo ningependa kila msee mwenye ndoto ya "kuingia ndani ya mfumo ili kuubadilisha" alisome mara mbili. Machi 1954 Baring alianzisha kikao kingine, kidogo zaidi: Baraza la Vita. Wajumbe wake walikuwa wanne: Baring mwenyewe; naibu wake Frederick Crawford; mkuu wa majeshi, Jenerali George Erskine; na kiongozi wa walowezi, Michael Blundell. Hakukuwa na Mwafrika. Wiki chache baadaye katiba mpya ya Lyttelton ikaleta Baraza la Mawaziri na waziri wa kwanza Mwafrika, B. A. Ohanga, akapewa wizara ya maendeleo ya jamii. Picha zikapigwa. Lakini vita, yaani maisha na mauti ya watu wa huku, viliendeshwa kwenye chumba kile cha watu wanne. Ukipewa kiti, wanahamisha kikao.

Juni 1954 Baraza la Vita liliamua kwamba watu wa Kiambu, Murang'a, Nyeri na Embu wahamishiwe vijijini kwa nguvu. Dagoretti wakati huo ilihesabiwa Kiambu, haikuwa Nairobi. Kufikia mwisho wa 1955 zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamesukumwa kwenye vijiji vyenye mitaro na walinzi. Mmoja wao alikuwa msichana wa miaka 12 ambaye leo ni shosho yangu.

Kwa hiyo naomba niirudishe sentensi yake kwa wenyewe. Shosho, hamkuhamishwa tu. Baring, Crawford, Erskine na Blundell waliwahamisha. Walikaa, wakazungumza, wakakubaliana. Walikuwa na majina, mishahara na familia, na jioni walirudi nyumbani wakala. Walioshika bunduki na kuwasha viberiti mnawakumbuka kwa majina, kwa sababu wengi walikuwa majirani zenu, homgadi wa ridge ile ile. Familia huku bado hazioani kwa ajili hiyo. Hii nayo ni kazi ya chumba kilichofungwa: mlango ukishafungwa, hasira yote humwangukia yule mdogo aliyetumwa, na aliyemtuma anakuwa "serikali".

Mnaodhani siri ile ilikuwa ya kiusalama tu, msikilizeni Mwanasheria Mkuu wa koloni mwenyewe, Eric Griffith-Jones. Juni 1957 alimwandikia Baring kuhusu kupigwa kwa wafungwa kwenye kambi za Mwea. Alitaka sheria itengenezwe ili kipigo kiwe halali, akaeleza hata sehemu za mwili zisizofaa kupigwa. Na akatoa ushauri ambao kwa Kiswahili ni huu: ikiwa tutatenda dhambi, basi tuitende kimya kimya. Huyo ndiye aliyekuwa mlinzi wa sheria ya nchi. Hakuwa anaficha mbinu za vita zisijulikane na adui. Alijua ni dhambi, akaiita dhambi, na hoja yake ikawa ni sauti tu.

Machi 3, 1959, wafungwa 11 waliuawa kwa marungu kambini Hola. Taarifa ya kwanza ya serikali ilihusisha vifo hivyo na maji waliyokunywa. Kimya kimya, kama ilivyoshauriwa.

Na malipo ya ukimya? Crawford alipelekwa Uganda kuwa Gavana. Richard Turnbull, aliyekuwa Katibu Mkuu hapa Nairobi, akaenda Tanganyika kuwa Gavana wa mwisho. Baring alirudi kwao akapewa ubwana. Griffith-Jones alipanda mpaka akawa Naibu Gavana wa Kenya. Aliyepata hasara ni yule aliyetaka kufungua mlango. Arthur Young aliletwa kuwa mkuu wa polisi 1954, akataka kuwashtaki waliotesa watu, akaona Gavana hamuungi mkono, akajiuzulu kabla mwaka haujaisha. Ripoti yake haikuchapishwa.

Uhuru ulipokaribia, swali likawa: makaratasi yatakuwaje? London ilitoa maagizo 1961. Serikali mpya isiachiwe chochote cha kuwaaibisha wakubwa au kuwafichua washirika wao. Faili zikagawanywa. Nyingine zilichomwa, nyingine zikasafirishwa Uingereza, na zilizobaki, zile zilizotakaswa, ndizo tulizorithi. Nikipita pale Moi Avenue, nikiona jengo la Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, huwa nawaza kwamba tulikabidhiwa nchi iliyopigwa pasi kwanza.

Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Wazee watano, wanaume watatu na wanawake wawili, waliishtaki serikali ya Uingereza mwaka wa 2009. Kesi ikiendelea, 2011, ikabidi wakubwa wakiri kwamba kulikuwa na masanduku karibu 300 ya faili za Kenya, yamefichwa mahali panapoitwa Hanslope Park. Barua ile ya dhambi ya kimya ikasomwa hadharani. Juni 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Walisema wanasikitika. Hata hivyo, wazee walishinda kitu ambacho viti vyote vya Mathu na Ohanga havikuwahi kutupatia. Walishinda kwa kulazimisha makaratasi yafunguliwe.

Mathu mwenyewe aliishiaje? Machi 1957 aligombea uchaguzi wa kwanza wa Waafrika, Mkoa wa Kati. Ili Mkikuyu apige kura alihitaji cheti cha uaminifu kwa serikali. Hata kwa wapiga kura waliochujwa namna hiyo, Mathu alishindwa na Bernard Mate. Ohanga naye alishindwa, na Oginga Odinga. Baada ya uhuru Mathu aliajiriwa kuwa msimamizi wa Ikulu chini ya Kenyatta. Ikulu ni ile ile nyumba ya Gavana. Rangi za bendera zilibadilika, bawaba za mlango hazikuguswa.

Ndiyo maana sipumui vizuri nikiona tunavyonunuliwa kwa viti.

Juni 25, 2024, tulikuwa barabarani. Sitarudia yaliyotokea, mlikuwepo, na wengine hawapo tena. Baada ya hapo tuliuliza swali moja lililo wazi: nani aliamua risasi zitumike? Kikao gani, saa ngapi, kwa maneno gani? Julai 11 Baraza la Mawaziri likavunjwa. Kabla mwezi haujaisha likaundwa jingine, safari hii lenye watu wa upinzani ndani. Viti vikagawanywa upya. Swali letu likabaki pale pale barabarani, kama kiatu kilichoachwa. Na mitandaoni nikaona wenzangu wakibishana: Gen Z nao wapewe viti vingapi?

Mimi nasema hata kimoja. Nipe minits.

Katiba ya 2010, kifungu cha 153, inasema uamuzi wa Baraza la Mawaziri lazima uandikwe. Vizuri sana. Lakini kuandikwa si kusomwa. Mawaziri wanaapishwa kutunza siri, na baada ya kikao tunapata taarifa fupi: baraza limeidhinisha hiki, limepitisha kile. Limeidhinisha. Bado tunaongea Kiswahili cha gicagi.

Najua utakachoniambia. Kwamba hata Uingereza mawaziri hukaa faraghani, na mtu hawezi kutoa wazo la kweli akijua kila neno litafika Twitter kabla ya saa sita. Nakubali. Lakini siri yao ina tarehe ya mwisho: zamani miaka 30, sasa ni 20, kisha karatasi hufunguliwa na mwanafunzi yeyote anazisoma. Za kwao walizifungua. Za kwetu wakazificha Hanslope. Sisi tukafuata mfano upi?

Utaniambia pia kwamba kuna mambo ya usalama wa nchi. Yapo. Ploti ya shosho haimo. Wala zabuni ya barabara, wala kamati ya basari, wala ubomoaji wa vibanda usiku. Siri ikiwa ya kulinda mpaka wa nchi, nitainamisha kichwa. Ikiwa ya kulinda jina la mtu aliyekata kipande cha shamba la mwenzake, hiyo ni dhambi ya kimya kimya, na Griffith-Jones angeitambua mara moja.

Na utaniambia, afadhali Mathu ndani kuliko hakuna mtu. Labda. Lakini kama ni lazima tumtume mtu, tumtume na sharti moja: atoke na karatasi. Akirudi na gari na walinzi bila karatasi, hatukutuma mtu. Tumepoteza mtu.

Tuna sheria, wasee, ila hatuitumii. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Sheria ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Huhitaji wakili. Unahitaji karatasi, na ukaidi.

Kwa hiyo wiki iliyopita niliketi na shosho mezani tukaandika barua. Yeye hajui kusoma vizuri, lakini alitaka kila mstari nimsomee. Tuliuliza mambo matatu tu. Kamati ilikaa tarehe gani? Wajumbe waliokuwepo ni akina nani? Nani alisema nini kuhusu ploti yetu? Nilipomaliza aliniambia nisome tena lile swali la pili.

"Wanaweza kujibu hilo?" akauliza.

"Ni lazima wajibu, shosho."

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema niongeze swali la nne, kuhusu mama yake, ambaye nyumba yake ilichomwa 1954: aliyeamuru alikuwa nani. Nilimwambia ofisi hii haiwezi kujua hilo. Akasema andika tu.

Nimeandika. Leo ni siku ya tisa.